Mkono wa Mama Ubaoni

Kazi yangu ni kusikiliza watu wanavyosema na kuandika kila wanapokosea. Niko kwenye kikundi cha utafiti cha chuo kikuu kinachochunguza lugha, utambuzi na mawasiliano. Jina hilo refu limebandikwa mlangoni kwetu, ghorofa ya tatu, mwisho wa korido, na watu wa idara ya jirani waliochoka kulitamka wametuita Wapiga Domo. Wa kudumu tuko watatu: Profesa, mwanamume mpole anayesahihisha koma hata kwenye barua za rambirambi, Mhesabu, dada wa takwimu asiyeamini kitu mpaka akione kwenye jedwali, na mimi. Nikikusikiliza dakika mbili naweza kusema umesoma mpaka wapi, unaogopa nini, na kama maneno unayosema ni yako au umekaririshwa. Nalipwa kwa ujuzi huo na nilikuwa najivunia. Nayasema haya mapema ili mjue mjinga wa hadithi hii ni nani.

Mama yangu alikuwa fundi wa kushona, na mdomo wake haukuwa na kituo. Alianza kumsema mteja akimpima kiuno, akamalizia mteja akiwa ameshafika barabarani, na kila aliyesemwa alirudi kushona kwake. Baba alikuwa karani wa mahakama. Kwa miaka thelathini na moja aliandika maneno ya mashahidi, na majivuno yake yalikuwa hayohayo siku zote, kwamba hajawahi kuongeza hata nukta kwenye maneno ya mtu. Mama alimwita Karani, hata mbele ya wakwe.

Siku moja mama alinipigia simu nikiwa kazini. Alitaka kujua kwa nini siendi kuwaona, kwa nini siolewi, kwa nini sauti yangu ni ya mtu aliyekonda, yote kwa pumzi moja. Nilikuwa nimeshinda na hedfoni masikioni tangu asubuhi. Nikamwambia, "Mama, nimechoka na maneno yako. Hebu nipumzishe." Alikata simu. Baada ya siku mbili kiharusi kilimwangusha kando ya cherehani yake, kikamchukulia maneno yote na upande mzima wa kulia wa mwili. Maji yakimwagika hayazoleki, na haya niliyamwaga mwenyewe.

Daktari alisema hawezi kujua mama anaelewa kiasi gani. Huenda kidogo, huenda hakuna. Baba hakulikubali jibu la namna hiyo. Alikata kadibodi ya boksi la vitambaa, akaandika herufi kwa mwandiko wake wa mahakamani, A hadi Z katika safu nne, na chini yake NDIYO na HAPANA. Akawa anamshika mama kifundo cha mkono wa kushoto, ule uliobaki na nguvu kidogo, anaunyanyua juu ya ubao na kusubiri. Alitueleza kwamba hausukumi, anauzuia tu usianguke. Na siku ya nne mkono ukaenda wenyewe, herufi moja baada ya nyingine, ukaandika KARANI.

Nililia kama mtoto siku hiyo. Wiki zilizofuata mama alisema mengi. TAFADHALI NIINULIWE KIDOGO. NIMERIDHIKA NA SUPU. NAOMBA DIRISHA LIFUNGWE. Baba aliandika kila sentensi kwenye daftari, pamoja na tarehe na saa, kama mwenendo wa kesi. Kisha Jumapili moja nikiwa nimekaa miguuni pake, mkono ulichukua karibu robo saa ukaandika: MWANANGU YALE YA SIMU NILISHASAHAU.

Sikuwa nimemwambia mtu yeyote kuhusu ile simu. Niliweka kichwa kwenye magoti ya mama, nikakaa hapo mpaka shingo ikaniuma. Wiki nzima nilitembea mwepesi, hata Mhesabu akaniuliza kama nimepata mchumba.

Aliyeleta maneno alikuwa mjomba, mdogo wake mama, dereva wa lori aliyestaafu, mtu wa utani hata msibani. Alikuja kumwona dada yake, akamtazama baba akiendesha ule mkono juu ya ubao, akasoma ukurasa mmoja wa daftari, akalifunga. "Mimi dada yangu namjua," alisema. "Tangu azaliwe hajawahi kusema tafadhali. Hapa anayeongea ni shemeji."

Tuliokuwepo tulicheka, ila baba. Mimi nilicheka kwa hasira. Nilimwona mjomba ni mtu wa roho mbaya, hawezi kuona furaha ya wengine akaiacha. Mwenye macho haambiwi tazama, mimi niliambiwa na bado sikutazama. Mama niliyemjua angesema, "Karani, funga dirisha hilo, unataka nife kwa baridi upate kuoa mwingine?" Yule wa ubaoni aliomba LIFUNGWE, kwa adabu, kwa lugha ya watu wanaoandikiana barua za kiofisi. Kutambua mambo kama hayo ndiyo kazi ninayolipwa kuifanya. Nilijiambia kwamba ugonjwa umemlainisha.

Jumatatu, kwenye kikao chetu cha asubuhi, nilisimulia habari yote kwa mbwembwe. Profesa alikizungusha kikombe chake cha chai mezani muda mrefu. Akasema mambo kama haya yameshaonekana kwingine: mkono wa anayesaidia ndio unaosema, na mwenyewe hana habari. Alisisitiza kwamba si uongo wala ulaghai. Mtu anataka sana kusikia, vidole vyake vinamtangulia. Kuna namna rahisi ya kupima, alisema, lakini mganga hajigangi, na aliniomba nikae nifikiri kwanza.

"Ukishapima," akasema, "huwezi tena kurudi kuwa mtu ambaye hajapima."

Hata Mhesabu, ambaye angempima malaika mabawa, alisema niachane nalo, nikae na mama yangu. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania. Ni kosa la watu wa kazi yetu: kitu kizuri hatuwezi kukiacha kikae tu, lazima tukiweke kwenye jedwali ndipo tukiamini. Nilitaka karatasi ya kumfunga mjomba mdomo. Na nikiri jingine lililokuwa chini ya hilo: nilitaka yale maneno ya simu yapigwe muhuri.

Wazazi wangu walikuja chuoni Alhamisi asubuhi. Baba alivaa koti lake la mahakamani, na mama nilikuwa nimemfunga kitambaa cha kichwa cha rangi aliyoipenda. Tulimpandisha kwa lifti akiwa kwenye kiti cha magurudumu, tukamwingiza kwenye chumba cha kurekodia chenye sponji ukutani. Profesa alimwamkia baba kwa heshima zote na kumpa fomu ya ridhaa. Baba aliisoma kurasa zote tatu, akasahihisha neno moja lililokosewa, jambo lililompendeza sana Profesa, kisha akaweka alama kwenye kile kisanduku cha mwisho: ndiyo, ningependa kujulishwa matokeo.

Kipimo chenyewe kilikuwa hivi. Mama na baba walikaa bega kwa bega, ubao ukiwa mbele yao, na katikati ya nyuso zao tulisimamisha kadibodi pana, kila mmoja akawa na skrini yake ambayo mwenzake haioni. Zingekuja picha ishirini. Kumi wangeona picha moja wote wawili, na kumi kila mmoja angeona yake, kwa mpangilio usioweza kubahatishwa. Profesa alimwambia baba kwamba picha zinaweza kutofautiana, asijali anachokiona yeye, amshike tu mama mkono ajibu anachokiona mama. Baba alikubali kwa kichwa. Alisema hiyo ndiyo kazi yake tangu mwanzo.

Ndugu wa mshiriki haruhusiwi kukaa chumbani, ni kanuni yetu. Nilikuwa upande wa pili wa kioo na Mhesabu, mbele yetu nakala za skrini zote mbili, na kazi yangu ilikuwa kuandika herufi zinavyoguswa.

Tatu za kwanza zilikuwa sawa. Ufunguo: mkono ukaandika UFUNGUO. Kuku: KUKU. Kiti: KITI. Nilimbana Mhesabu bega mpaka akaniambia namuumiza. Nilianza hata kupanga nitakavyomsomea mjomba, kwa sauti ya taratibu, neno kwa neno.

Picha ya nne, mama aliona mkasi na baba aliona ndoo. Mkono ulining'inia kidogo, ukashuka kwenye N. Nikajiambia M na N ni majirani, ameteleza. Ukaenda D. Ukaenda O, ukainuka, ukarudi O. Mhesabu hakunitazama.

Ya tano ilikuwa sawa, SAA, nikapata pumzi. Ya sita skrini ya mama ilionyesha cherehani. Ya baba, kofia. Nilimsemesha kimoyomoyo: mama, hiyo umeinamia miaka arobaini, nenda kwenye C, iko palepale juu, safu ya kwanza. Mkono ulienda kwenye K. Niliandika K, kisha O, kisha F, kwa sababu ndiyo kazi yangu, na mwandiko wangu haukutetemeka, jambo ambalo mpaka leo linanichukiza.

Ndipo nilipomtazama mama usoni, badala ya kuutazama mkono wake. Macho yake hayakuwa kwenye skrini, wala kwenye ubao. Yalikuwa kwenye kona ya juu, ukuta unapokutana na dari, na yalikuwa hapo tangu tulipoingia. Nilikuwa nimeyaona na sikuyaandika popote. Baba ndiye aliyekuwa anatazama ubao, shingo imenyooka mbele, midomo ikitembea kidogo.

Zilipoisha ishirini, zile kumi zilizofanana zilikuwa na majibu kumi sahihi. Zile kumi zilizotofautiana zilikuwa na majibu kumi pia, na yote yalitaja alichokiona baba. Mama hakupata hata moja. Mhesabu aliifunika kompyuta yake bila kukokotoa chochote, akasema kwa sauti ya chini kwamba hii haihitaji hesabu, akatoka kwenda kusimama kwenye korido.

Baba alitoka chumbani ana furaha. "Leo amejitahidi," aliniambia. "Hajachoka hata kidogo."

Profesa alijitolea kumweleza, nikakataa. Mwenye kuchimba kisima huingia mwenyewe. Jumamosi mchana nilikwenda nyumbani na karatasi moja yenye safu tatu: alichoona mama, alichoona baba, kilichoandikwa. Nilimkuta sebuleni amechonga penseli, madaftari matatu yamepangwa mezani. Mama alikuwa kitandani kwake, mlango wazi. Baba hakutaka utangulizi. Alisema nimpe hukumu kwanza, sababu zifuate.

Nilimpa karatasi. Aliisoma mstari kwa mstari, akishusha penseli, kama alivyokuwa akisoma mwenendo wa kesi kabla ya kutia sahihi. Alipofika chini alirudi juu, akasoma tena. Nje mtu alikuwa anaosha gari na maji yalikuwa yanapiga bati, nami nikashukuru kwamba kuna sauti yoyote.

"Hata neno moja?" aliuliza.

"Hata moja, baba."

"Na mimi sikuusukuma."

"Najua hukuusukuma. Ulikuwa hujui. Profesa anasema mtu yeyote—"

Aliinua mkono kunizuia. Alilivuta daftari la juu, akafungua katikati, akaangalia mwandiko wake, tarehe, saa, maneno ya shahidi. "Sasa mimi," akasema, "nimekuwa nikiandika maneno ya nani?"

Nilimwonea huruma. Mtu ambaye hakuwahi kuongeza nukta alikuwa amejaza madaftari matatu kwa ushahidi wake mwenyewe, akaweka jina la mke wake chini. Kwa karani hakuna kosa kubwa kuliko hilo, na mimi binti yake ndiye niliyemkamata nalo.

Ningeondoka hapo, au ningekwenda kuchemsha maji ya kumwogesha mama. Badala yake nilimwuliza jambo langu. Nilimwuliza kama alikuwa anajua yale ya simu.

Baba alivua miwani. Alisema mama alimsimulia siku ileile. Alikuwa na nguo ya mteja mapajani, akashindwa kuimalizia, akaizima taa ya cherehani na kukaa tu.

"Alisema nini?"

"Alisema, 'Mtoto kanichoka.'"

"Na baadaye? Siku iliyofuata? Hakusema kwamba amesahau?"

Nilimwona akitafuta, akipekua siku zile mbili ukurasa kwa ukurasa. Nilitamani, mara moja tu katika maisha yake, aongeze nukta. Aongeze sentensi nzima. Hakuna mtu angejua.

"Hakusema," baba alijibu.

Mjomba aliposikia alikuja mbio, na kwa mara ya kwanza nikamwona mtu huyu wa masihara akilia. Alisema alikuwa anatania. Alimsihi baba aendelee na ubao hata kama ni yeye mwenyewe anayesema, kwani kuna ubaya gani, watu wanaongea na makaburi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamwambia kwamba kaburi halimjibu mtu kwa mwandiko wake. Madaftari aliyafunga kwa uzi akayapeleka kabatini, na ubao ukawekwa juu ya kabati.

Huko chuoni mama akawa mstari kwenye jedwali. Profesa aliniuliza kama naridhia, nikasema naridhia, maana ningesema nini. Wageni waliokuja kusikiliza semina walitikisa vichwa kwa kuridhika wakasema ni matokeo safi sana. Kweli yalikuwa safi. Kwa muda wote niliofanya kazi kule sijaona mengine kama hayo.

Nilianza kwenda nyumbani kila wikendi, mimi niliyekuwa napigiwa simu nije na siendi. Baba aliendelea kumhudumia mama kama zamani, na pengine kuliko zamani: kumgeuza kila baada ya saa mbili, kumsafisha, kumlisha kijiko kwa kijiko, kumfuta kidevu. Lakini alikuwa ameacha kumsemesha. Kabla ya ubao alikuwa akimpa habari zote, nani kafa, nani kaoa, nyanya zimepanda bei. Sasa alimgeuza kimya, akimshika mabegani na kiunoni. Kifundo cha mkono wa kushoto hakukigusa kabisa. Nilimwambia, kwa utaalamu wangu, kwamba sauti inayozoeleka huenda inamfariji mgonjwa hata asipoelewa. Alinijibu kwamba huenda, akaenda kusuuza kijiko.

Jumamosi moja alikwenda kuchukua dawa. Nilibaki peke yangu na mama, mchana, jua limeingia mpaka kwenye shuka. Nilipanda stuli nikaushusha ubao. Ulikuwa na vumbi, nikaufuta na upindo wa gauni. Niliuweka mapajani pake, nikamshika mkono namna baba alivyokuwa akimshika, vidole viwili chini na kidole gumba juu, nikamwuliza kama bado ananidai lile neno la simu.

Niliapa sitasukuma. Nilijua kila kitu kuhusu jambo hili. Nilikuwa nimeliandikia ripoti. Nililegeza kiwiko, nikalegeza bega, nikatazama kando. Na mkono ukasogea. Naapa si mimi niliyeusogeza. Niliusikia ukivuta, mzito na wa joto, ukijua unakokwenda. Ukagusa N. Ukainuka ukagusa I. Ukarudi kwenye L, na kabla haujainuka tena nilishaijua herufi itakayofuata na zote zilizobaki nyuma yake.

Nikauachia. Mkono wa mama ulianguka palepale ubaoni, kiganja juu, ukabaki hivyo. Macho yake yalikuwa darini.

Nilipogeuka baba alikuwa mlangoni na mfuko wa dawa. Sijui alikuwa amesimama hapo kwa muda gani. Hakunikemea. Alikuwa ameinama mbele kidogo, na nilisikia kwenye sauti yake kitu ambacho sikuwa nimekisikia tangu ile Jumamosi ya karatasi.

"Amesema nini?"

Herufi tatu zingetosha. Zingine angezimalizia mwenyewe, na angeamini, na mimi ningemwona akiamini, nikaamini naye mpaka jioni.

"Hajasema kitu, baba."

Alikubali kwa kichwa. Aliweka dawa mezani, akatazama saa ya ukutani, akaniambia nimshike miguu, muda wa kumgeuza umefika.